Njia ya Mtafiti wa Jeni za Samaki wa Kufugwa: Ushauri kwa Vijana wa Kaaga

Uhariri wa jeni ni utaalamu wa kubadilisha mahali palipochaguliwa katika DNA, ile kemikali ndefu iliyokunjwa ndani ya kila seli na inayobeba maagizo ya jinsi kiumbe kitakavyokua, kitakavyozaa na kitakavyokabiliana na maradhi. Jeni moja ni kipande cha DNA hiyo chenye agizo lake mahususi. Chombo kinachotumiwa zaidi siku hizi huitwa CRISPR, ambacho kilielezwa na Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier mwaka 2012 na kuwapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Kina sehemu mbili: kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, ambacho hukata DNA kama mkasi, na uzi mfupi wa RNA, kemikali ya jamii moja na DNA, unaokiongoza kimeng'enya hicho hadi mahali penyewe pa kukata. Seli inapounga mahali palipokatwa mara nyingi hupoteza au huongeza herufi chache za DNA, na jeni iliyoharibiwa kwa namna hiyo huzimika.

Kijana anayesoma habari hizi katika shule ya upili huweza kudhani kwamba taaluma ya kuhariri jeni za samaki wa kufugwa huanzia na kuishia maabarani, na kwamba asiyekuwa na maabara hana la kufanya ila kungoja. Makala haya yanashikilia kuwa dhana hiyo ndiyo kikwazo kikubwa kuliko ukosefu wa vifaa. Mkasi wa jeni ni chombo cha mwisho katika mlolongo mrefu ambao mwanzo wake ni maji, chakula, wazazi wa samaki na daftari la kumbukumbu, na mtafiti asiyeumudu mlolongo huo hawezi kujua akate wapi wala kwa faida ya nani.

Kaaga ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko wengi wanavyofikiri. Ipo nje kidogo ya mji wa Meru, na tangu enzi za misheni ya Wamethodisti imekuwa mahali pa shule. Wasichana na wavulana wana shule zao za upili hapo, na ndipo yalipo makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, na Embu pia ina chuo kikuu chake. Samaki walikuja katika uchumi wa wenyeji kwa kuchelewa, kwa kuwa Wameru hawakuwa na desturi kubwa ya kula samaki, na mabadiliko yaliyoonekana wazi yalitokana na Mpango wa Kuchochea Uchumi ulioanzishwa na serikali mwaka 2009. Katika mpango huo vilikusudiwa kuchimbwa vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300 na kikiwekwa vifaranga vya samaki 1,000, na viwanda vidogo vya kuchakata samaki vikajengwa katika sehemu chache za nchi, mojawapo ikiwa Imenti Kusini huku Meru. Mazao ya samaki wa kufugwa nchini yalipanda hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014, kisha yakashuka sana ruzuku ilipokwisha. Vidimbwi vingi vilivyobaki vikavu vinamfundisha mtafiti jambo ambalo hakuna kitabu cha jenetiki kinachoweza kumfundisha vyema zaidi: wakulima walikosa chakula cha bei nafuu, walikosa soko la karibu, na waliuziwa vifaranga ambavyo havikukua.

Suala la vifaranga ndilo linaloifikisha hoja hii kwenye jeni. Samaki anayefugwa zaidi nchini ni tilapia wa Nile, ambaye hupevuka akiwa na miezi mitano au sita, mara nyingi kabla ya kufikia ukubwa wa kuuzwa. Madume na majike wakikaa pamoja kidimbwini huzaana, watoto hujaa, chakula hugawanywa kwa midomo mingi, na mkulima aliyetarajia samaki wa nusu kilo huvuna samaki wa ukubwa wa kiganja. Vituo vya kutotolesha samaki hukabili tatizo hilo kwa kuwalisha watoto wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne ili karibu wote wawe madume, kwa sababu madume hukua haraka zaidi. Njia hiyo hufanya kazi ikifuatwa kwa uangalifu, lakini huhitaji homoni katika kila kundi la vifaranga na usimamizi ambao vituo vidogo haviumudu. Mtafiti anayejua kwamba jinsia ya tilapia huongozwa na jeni chache zinazojulikana ataona mara moja kwa nini maabara kadhaa duniani, hasa ile ya Deshou Wang huko Chongqing, China, zimetumia miaka mingi kuhariri jeni hizo.

Hata hivyo tatizo la pili la Meru ni gumu zaidi. Tilapia hukua vizuri katika maji yenye nyuzi joto kati ya 26 na 30, hupoteza hamu ya kula maji yanaposhuka chini ya 20, na maji ya vidimbwi vya miinuko ya Mlima Kenya hukaa chini ya kiwango kinachomfaa kwa miezi mingi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Kijana mwenye shauku atauliza ni jeni gani ya baridi inayopaswa kukatwa. Jibu la kweli ni kwamba uvumilivu wa baridi hautokani na jeni moja bali na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na sifa za aina hiyo huboreshwa vyema zaidi kwa uzalishaji wa kuchagua, ambao ni kazi ya kupima familia nyingi za samaki katika mazingira yale yale watakayofugwa, kuchagua waliofanya vizuri wawe wazazi, na kurudia hivyo kizazi baada ya kizazi huku ndugu wa karibu wakizuiwa kuzalishana. Kutambua tofauti hii, kwamba sifa fulani zinafaa mkasi na nyingine zinafaa mizani na daftari, ni sehemu kubwa ya weledi wa taaluma nzima, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wengi huitambua wakiwa wamekwisha kuandika pendekezo la utafiti lisilotekelezeka.

Uwezo wa uzalishaji wa kuchagua usidharauliwe. Tilapia maarufu kwa jina la GIFT alianza kuzalishwa nchini Ufilipino mwaka 1988 kutokana na samaki waliochukuliwa Misri, Ghana, Kenya na Senegali pamoja na waliokuwa wakifugwa huko Asia, na samaki wa Kenya katika mchanganyiko huo walitoka Ziwa Turkana. Katika vizazi vya kwanza ukuaji uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa kila kizazi, bila jeni hata moja kukatwa. Kwa maneno mengine, damu ya samaki wa Turkana inalisha mamilioni ya watu wa Asia, ilhali mkulima wa Imenti bado anatafuta kifaranga cha kutegemewa. Kituo cha Taifa cha utafiti na mafunzo ya ufugaji wa samaki kilichoko Sagana, Kaunti ya Kirinyaga, ambacho kilianzishwa mwaka 1948 na sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yaani KMFRI, kimekuwa kikiendesha mpango wake wa kumboresha tilapia kwa njia hiyo hiyo. Kijana wa Meru au Embu hana haja ya kusafiri mbali kuiona jenetiki ya samaki ikitendeka, kwa sababu Sagana ni jirani.

Ni vyema msomaji aione kazi yenyewe ya kuhariri kwa karibu, ili ajue ni mikono ya namna gani inayohitajika. Jike la tilapia lililo tayari kutaga hukamuliwa mayai yake kwa kupapaswa tumbo taratibu, na mayai hayo, ambayo ni ya rangi ya manjano, yana umbo la pea na hayazidi milimita tatu kwa urefu, hupokelewa katika bakuli kavu. Mbegu za dume huongezwa, kisha maji, na kuanzia hapo saa huanza kuhesabu, kwa kuwa yai hubaki seli moja kwa muda wa saa moja na nusu hivi tu kabla halijagawanyika. Ndani ya muda huo mtafiti hulipanga kila yai chini ya hadubini, hutafuta upande ambako seli imekaa juu ya kiini cha chakula, na kwa sindano ya kioo iliyovutwa hadi ikawa nyembamba kuliko unywele huingiza tone lenye kimeng'enya na uzi wa RNA. Mkono ukitetemeka yai hupasuka. Sindano ikiziba kundi zima hupotea. Mayai yaliyosalimika hupelekwa katika vyombo vyenye umbo la faneli ambamo maji hupanda kutoka chini na kuyageuzageuza bila kukoma, kwa sababu jike la tilapia huyalea mayai yake kinywani na hapana budi maji yafanye kazi ya kinywa hicho.

Samaki atakayetoka hapo si mwisho wa kazi. Kwa kawaida kizazi cha kwanza huwa mchanganyiko, yaani seli nyingine za mwili wake zimehaririwa na nyingine hazikuguswa, na hivyo inabidi akuzwe hadi apevuke, azalishwe, watoto wake wakatwe kipande kidogo cha pezi kwa ajili ya kusomwa DNA, na waliorithi badiliko wazalishwe tena ili wapatikane wenye nakala mbili zake. Tilapia akihitaji nusu mwaka kwa kila kizazi, mtafiti anahesabu zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuwa na samaki anayeweza kupimwa kwa haki, na wakati huo wote kukatika kwa umeme kwa usiku mmoja, pampu ya hewa ikazimika, kunaweza kufuta kila kitu. Ndiyo maana anayeajiri watafiti wa fani hii huuliza kwanza iwapo mwombaji aliwahi kuwaweka samaki hai kwa mwaka mzima.

Dunia imekwisha kuonyesha yanayowezekana. Nchini Japani, ambako Masato Kinoshita wa Chuo Kikuu cha Kyoto ni miongoni mwa waanzilishi, samaki aitwaye kwa Kijapani madai, aliyezimwa jeni ya mayostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi, aliruhusiwa kuuzwa mwaka 2021 baada ya kuonekana kuwa nyama yake inayolika imefikia takriban mara 1.2 ya ile ya kawaida, na samaki mwingine, fugu, aliyehaririwa ili akue haraka, alifuata mwaka huo huo. Argentina iliamua mwaka 2018 kwamba tilapia fulani aliyehaririwa hahesabiwi kuwa kiumbe kilichoingizwa jeni ngeni. Huko Bergen, Norwei, Anna Wargelius na wenzake walizima jeni iitwayo dnd katika samoni na kupata samaki wasiokuwa na seli za uzazi, kisha wakabuni njia ya kuwawezesha wazazi kuzaa ilhali watoto wao wanabaki tasa. Utafiti huo wa Norwei ndio unaostahili kusomwa kwa makini zaidi na mwanafunzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu tilapia tasa angetatua kwa pamoja tatizo la kujaa kwa vidimbwi na hofu ya samaki kutoroka. Kwa upande mwingine, samoni wa AquAdvantage, aliyeingizwa jeni ya ukuaji kutoka kwa samaki wa aina nyingine na kuidhinishwa na Marekani mwaka 2015, hakudumu sokoni. Kampuni yake ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2024 kwamba inaacha kufuga samaki. Idhini ya serikali haimlazimishi mnunuzi, na mtafiti anayepuuza soko huweza kutumia nusu ya maisha yake kwa samaki ambaye hatanunuliwa.

Kwa mwanafunzi aliye shuleni, baolojia, kemia na hisabati ndizo nguzo, na kati ya hizo hisabati ndiyo inayodharauliwa na ndiyo inayoamua zaidi. Jenetiki ya uzalishaji ni takwimu tupu kwa sehemu kubwa, na usomaji wa DNA hutoa mafuriko ya herufi yasiyoweza kuchambuliwa kwa macho bali kwa programu za kompyuta, hivyo kijana anayejifunza lugha kama R au Python mapema anawatangulia wenzake kwa miaka miwili. Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya uvuvi na ufugaji wa samaki, ambayo hutolewa na vyuo kama Eldoret, Maseno na Karatina, au ya bioteknolojia, ambayo ina nguvu katika vyuo kama Kenyatta na JKUAT. Kati ya njia hizo mbili, makala haya yanaipendelea ya kwanza kwa anayelenga samaki, kwa sababu mbinu za maabara hufundishika katika miezi michache ya uzamili, ilhali kumjua samaki, kutambua kwa jicho kwamba maji yameishiwa hewa au kwamba jike liko siku mbili kabla ya kutaga, hakufundishiki kwa haraka.

Shahada ya uzamili na ile ya uzamifu mara nyingi zitamtoa nje ya nchi. Ghent nchini Ubelgiji, Wageningen nchini Uholanzi, Stirling huko Uskoti, Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Norwei na Auburn nchini Marekani ni vituo vyenye sifa ya muda mrefu katika ufugaji na jenetiki ya samaki, na ufadhili wa serikali za Ujerumani, Japani na Ubelgiji pamoja na ule wa Jumuiya ya Madola umewasomesha Wakenya wengi. Mwombaji asiandike kwamba anapenda sayansi, aandike swali. Barua inayomweleza msimamizi kuhusu joto la maji la vidimbwi vitatu vya Meru lililopimwa kwa miezi sita, pamoja na uzito wa samaki waliomo, ina uzito kuliko kurasa kumi za sifa. Wala haimlazimu kila mtu kuondoka mapema, kwani Nairobi kwenyewe kuna maabara zinazohariri jeni za ndizi na kuchunguza za mifugo, na ujuzi wa kuandaa uzi wa RNA au kusoma DNA hauchagui kiumbe: anayeujifunza kwa mgomba anaweza kuutumia kwa samaki.

Sheria ni somo ambalo wanasayansi wengi huliachia wengine, na hilo ni kosa. Kenya ilitunga Sheria ya Usalama wa Kibayolojia mwaka 2009, na mamlaka inayoisimamia ilitoa mwaka 2022 miongozo ya uhariri wa jeni, na hivyo Kenya ikawa nchi ya pili Afrika kufanya hivyo baada ya Nigeria. Kiini cha miongozo hiyo ni kwamba kila ombi huchunguzwa peke yake, na kiumbe ambacho hakikuachiwa jeni ya kiumbe kingine, na ambacho badiliko lake lingeweza kupatikana kwa uzalishaji wa kawaida, hakiwekwi chini ya masharti mazito ya viumbe vilivyoingizwa jeni ngeni. Kwa mfano, tilapia aliyezimwa jeni moja yuko katika upande mwepesi, ilhali kambare waliotengenezwa Auburn kwa kuingizwa jeni ya mamba wa Marekani ili wahimili magonjwa wangekuwa katika upande mzito. Miongozo hiyo isichanganywe na ile marufuku ya mwaka 2012 juu ya vyakula vilivyoingizwa jeni ngeni, ambayo iliondolewa Oktoba 2022 na kufuatwa na mashauri mahakamani. Tena Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya tangu 2014, na itifaki hiyo inahusu haki ya nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Mwanafunzi anayepeleka mapezi ya samaki wa Turkana katika maabara ya ng'ambo bila kibali anavunja sheria, hata kama nia yake ni njema. Historia ya GIFT inaonyesha kwa nini jambo hili si urasimu tu.

Zaidi ya sheria kuna dhamana. Vidimbwi vya Kaaga vikifurika wakati wa masika, maji yake hayana pa kwenda ila kwenye vijito vinavyoingia Mto Kathita, na Kathita huingia Mto Tana, ambao ndani yake wanaishi tilapia wa asili. Samaki aliyeboreshwa akitoroka na kuzaana nao, hakuna mtu atakayeweza kuwarudisha. Kwa hiyo mtafiti atakayetaka kumleta tilapia aliyehaririwa katika nyanda hizi anapaswa kuanza na utasa kabla ya ukuaji, na awe tayari kulieleza hilo mbele ya baraza la wananchi kwa Kiswahili na Kimeru chepesi, bila kuficha gharama wala hatari. Atakayeshindwa kumweleza mama mwenye vidimbwi viwili kwa nini samaki wake hawatazaa na kwa nini atalazimika kununua vifaranga kila msimu hajawa tayari kumpa samaki hao, kwani mama huyo ana haki ya kuuliza nani atamiliki mbegu na kwa bei gani.

Ajira zilizopo hazina jina la mhariri wa jeni za samaki, na kijana asikatishwe tamaa na hilo. Kuna KMFRI na vituo vyake, kuna vyuo vikuu, kuna ofisi za uvuvi za kaunti, na kuna makampuni binafsi ya vizimba vya Ziwa Viktoria kama Victory Farms ya Homa Bay, ambayo yanahitaji mbegu bora na watu wa kuilinda dhidi ya magonjwa, hasa virusi vya tilapia vilivyoelezwa mara ya kwanza Israeli mwaka 2014 na ambavyo dalili za kuwepo kwavyo ziliripotiwa mwaka 2018 katika samaki wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania na Uganda. Mtu aliyeingia katika nafasi hizo akiwa meneja wa kituo cha kutotolesha au mchunguzi wa magonjwa, huku akitunza kumbukumbu za familia za samaki wake, ndiye atakayekuwa na kitu cha kuhariri siku mkasi utakapomfikia.

Walimu wa sayansi na wazazi wa Kaaga wanaombwa kuwaruhusu vijana kuanza sasa. Kipimajoto, mizani ndogo, kipande cha chandarua na daftari vinatosha, na kidimbwi cha jirani kitapatikana kwa kuombwa kwa adabu. Likizo ya Agosti huja wakati maji ya Meru yako katika baridi yake kali. Joto lipimwe alfajiri na saa tisa alasiri kila siku, samaki 30 wapimwe uzito mwanzoni na mwishoni mwa likizo, na daftari hilo lipelekwe Sagana pamoja na ombi la mafunzo ya vitendo.